Makina hadi Kawangware: Upande Matatu Gani?

Matajiri huchagua meli ya kupita Mfereji wa Suez na bandari za kutua. Mwananchi wa Nairobi huchagua matatu na steji.

Jumapili moja tulitoka kumjulia hali shangazi yangu Makina, mtaa wa Wanubi, waliopaita Kibra, yaani msituni. Nyanya alitungoja Kawangware, na nauli ilikuwa ya kuhesabu. Je, turudi mjini tupande namba 46, au tukatize soko la Toi hadi Barabara ya Ngong?

Tulikatiza. Toi, kitinda mimba akaona viatu vya mitumba vya kumtosha. Nauli ikaenda. Kutoka Dagoretti Corner tulitembea, lakini Jumatatu alikwenda shule na viatu.

Msomaji, njia ya Toi ni fupi. Hesabu nauli kabla ya kuingia sokoni.