Ukoka wa uwanjani na ufagio wa mama mkwe

Kiangazi cha mwaka jana, mtoto wa mwisho wa nyumba moja pale Chiola, wilayani Nachingwea, alikuwa akitembea kwa visigino. Funza walikuwa wamemjaa vidoleni. Mama yake aliwatoa, akamwosha miguu kwa sabuni, na baada ya wiki mbili wakarudi. Muuguzi alimwonya asitumie pini moja kwa watoto wote, kisha akamuuliza kuhusu uwanja wao. Ulikuwa unafagiliwa kila alfajiri mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Lakini funza hapendi uchafu tu kama wengi wanavyodhani. Anapenda udongo mkavu uliolegea, na uwanja ule ulikuwa vumbi tupu.

Januari mwaka huu, mvua ikiwa imekolea, mama huyo alipanda vipande vya ukoka kuzunguka nyumba. Mama mkwe akasimama na ufagio wake mkononi.

"Mwanangu, majani yanapandwa nyumbani? Unatuitia nyoka."

"Nitayaweka mafupi, mama."

Mama mkwe alikuwa na hoja. Majani marefu huficha panya, na nyoka humfuata panya. Hata chini ya mikorosho, mahali palipofagiliwa ndipo korosho iliyoanguka huonekana. Kuhusu malaria, hapo hakuwa sahihi: mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, si kwenye ukoka mfupi. Wakakubaliana hatua tatu kutoka ukutani zibaki peupe, zifagiliwe. Ukoka uanzie mbele yake. Watoto nao wakanunuliwa viatu, na kwa kweli viatu na sakafu ya saruji ndiyo kinga kubwa. Ukoka ni msaada tu.

Mvua za kusini ni msimu mmoja, na kufika Mei huwa zimekwisha. Kabla ardhi haijakauka, baba alifyeka mara ya mwisho, akaacha majani yenye kimo cha vidole vitatu. Ukikata hadi kwenye udongo wakati huo, jua linaunguza mizizi.

Mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kikali asubuhi, ukoka uligeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Mama akadhani umekufa. Akaanza kumtuma binti yake wa darasa la nne kisimani jioni, ndoo moja ya ziada. Siku ya tatu binti akasinzia juu ya daftari la hesabu.

"Hiyo ndoo ni ya kunywa au ya majani?" baba akauliza.

Mama hakujibu. Baba akatoka nje, akang'oa shina moja linalotambaa, akalivunja. Ndani lilikuwa jeupe, lenye unyevu. Ukoka hukauka juu na kulala, lakini shina la chini ya ardhi hubaki hai likingoja mvua. Shina lililokufa huwa la kahawia na hukatika kama kijiti. Kama wangelivunja moja tangu mwanzo, binti angelala mapema siku zote tatu.

Tangu hapo uwanja ukapata maji ya kusuuzia nguo tu, jioni, mara moja kwa wiki, tena sehemu wanazochezea watoto. Samadi wakaiweka akiba hadi mvua irudi, maana kwenye ardhi kavu ingekuwa kazi bure. Majani makavu ya mkorosho yakawa yanaondolewa kila Jumamosi yasiufunike ukoka.

Septemba moto wa mashambani ulipita karibu. Ukoka mkavu unashika moto, na zile hatua tatu peupe zikawapa usingizi. Majivu ya jikoni yalimwagiwa maji kwanza kabla ya kutupwa.

Mvua ya kwanza iliponyesha, kijani kilianza kuonekana ndani ya wiki mbili. Karibu na mlango wa jikoni hakikurudi. Mbuzi na baiskeli walipita hapo kiangazi chote, na udongo umekuwa mgumu kama sakafu. Mtoto wa mwisho alipata funza mara mbili mwaka huu. Mwaka jana walikuwa hawahesabiki.

Mama alitaka kupanda upya pale mlangoni. Mama mkwe akamzuia kwa mpini wa ufagio.

"Hapa pana njia, mwanangu. Paacheni pawe njia."

Akaanza kufagia, akasimama pale ukoka unapoanzia.