Jioni Kando ya Mto Zigi

Ijumaa, 16 Agosti 2024, Sigi

Tumefika jua likiwa bado juu ya miti. Basi la kutoka Muheza lilijaa mpaka mlangoni, nami nimesimama karibu njia nzima, ila barabara ilivyoanza kupanda na ubaridi kuingia madirishani, uchovu ukanitoka. Binamu yangu ndiye mweka hazina. Nauli, kiingilio na ada ya kupiga hema vimekula fedha nyingi. Ya kurudia nyumbani ameifunga kwenye leso na haifungui kwa lolote. Chakula tumebeba wenyewe kutoka Tanga: mchele, dagaa, nazi, majani ya chai. Machungwa tumenunua Muheza, kwa kuwa kupita Muheza bila machungwa ni kujinyima.

Nyumba ya mapokezi hapa langoni mwa hifadhi ilikuwa ya mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani. Reli ndogo ilitoka Tengeni hadi Sigi kufuata magogo. Reli ilishang'olewa zamani. Msitu uliosalia sasa ni hifadhi ya Amani, tangu mwaka 1997.

Nimechoka. Mto nitaushukia kesho.

Jumamosi, 17 Agosti, usiku

Mchana tulipanda na mwongozaji. Hondohondo walikuwa wengi juu ya mti wa Maesopsis, wanameza matunda mazimamazima. Mti huu si wa hapa, uliletwa kutoka nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria. Hondohondo wanaziangusha mbegu zake mbali, na popote miti ya asili ilipokatwa, huu ndio unaowahi nafasi. Mwongozaji alifukua mche mmoja kwa kidole na kuung'oa, kisha akaendelea na maelezo yake kana kwamba mkono umezoea kufanya hivyo wenyewe.

Saa kumi na mbili jioni tukashuka mtoni na sufuria. Maji ya Zigi hapa ni maangavu, kokoto zinaonekana moja moja, na kwenye kina kidogo kuna visamaki vyembamba vinavyoelekeza vichwa upande maji yanakotoka na kubaki palepale. Nimeyanywa kwa kiganja. Ndiyo maji ninayokunywa kila siku ya maisha yangu: yanashuka kutoka huku hadi bwawa la Mabayani, yanasafishwa, yanaingia mabombani, yanafika kwangu Chumbageni.

Akaja mzee mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmetokea wapi?"

"Tanga mjini."

"Aa, basi ni nyie mnaokunywa haya maji."

Alilisema kwa upole, akautua mzigo, akakaa juu ya jiwe. Shamba lake liko nje ya hifadhi, chini kidogo, na linapakana na mto. Baba yake alilima mpaka kwenye maji, magimbi na miwa, pale ambapo udongo haukauki hata kiangazi. Yeye halimi hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Akasimama atuonyeshe mita 60 ni umbali gani: akatembea kutoka majini, hatua kwa hatua, akapita hema letu, akapita jiko la mawe, akaendelea mpaka kwenye mti mkubwa ambako sauti yake ilitufikia kwa shida. "Mpaka hapa!" Kwa mwenye ekari mbili, hapo ndipo penye mavuno.

Sasa pameota matete, nayo anayakata kulisha ng'ombe wake. Yumo katika UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira ya mito ya Kihuhwi na Zigi. Wanapanda miti, wanaweka makinga maji, wanaambiana nani amerudi kulima ukingoni. Nilimuuliza hiyo kazi inamlipa nini. Akasema maziwa. Kisha akakumbuka mwaka 2003, dhahabu ilipoonekana Sakale, huko juu mlimani, na watu wakamiminika kufukua vijito. Mto ulikuwa tope, akasema, hata ng'ombe waligoma kunywa. Sisi mjini nadhani tulilalamikia bomba tu.

Hakukaa sana, giza lilikuwa linaingia. Tukampa machungwa, akachukua mawili ya wajukuu.

Baada ya wali na dagaa tulizima tochi. Mwezi unakaribia kuwa mpevu na maji yanang'aa. Perere amelia mara mbili juu mlimani, sauti ya kutisha kwa asiyeijua. Kwenye jani, usawa wa goti, tumemkuta chura mdogo kuliko kidole gumba. Mwongozaji alitueleza mchana kwamba vyura wa aina hii hawatagi majini: jike huzaa vitoto vilivyokamilika. Analia mlio mmoja mfupi, kama kijiko kikigonga glasi, ananyamaza, kisha mwingine anamjibu kutoka jani jingine.

Jumapili, 18 Agosti, ndani ya basi

Asubuhi kabla ya kuondoka nimeyaona maua ya urujuani ya Usambara, kwenye mwamba unaovuja maji: majani yana vinyweleo, petali za zambarau, katikati manjano. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake mmea huu, na leo unauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani yote. Vijiji vya huku vilifuga vipepeo na kuuza pupa wao nje, mpaka serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Vizuri vya mlima huu vinateremka, na anayevitunza anabaki na mzigo wa majani.

Nimemwambia binamu kwamba niko tayari bili yangu ya maji iongezwe kidogo, kiasi hicho kiandikwe peke yake kwenye risiti na kiwafikie wenye mashamba ya ukingoni. Hataki. Anasema kodi tunalipa tayari, na fedha ikishapita ofisini hakuna mzee wa Sigi atakayeiona. Nikasema basi ilipwe kwa umoja wao moja kwa moja, hesabu zisomwe mkutanoni mbele yao. Tumebishana hivyo mpaka stendi ya Muheza, naye bado anadai nimjibu nani atakayekagua.