Rafiki Baada ya Matanga

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwanafunzi wa Kiswahili huisoma methali hii mapema, lakini maana yake huielewa vizuri siku anapofiwa. Leo napenda tuitazame dhiki hiyo moja, yaani msiba unaompata kijana, na jinsi urafiki unavyomsaidia kuubeba.

Hapa Burundi maombolezo yana utaratibu wake. Siku chache baada ya mazishi, ndugu na majirani hukutana kwa ajili ya guca ku mazi, ndiyo kumaliza matanga ya kwanza. Baadaye sana, mara nyingi mwaka ukiisha kupita, hufanyika kuganduka, ambako msiba huondolewa rasmi. Siku hizo mbili nyumba hujaa watu. Katikati yake kuna miezi mirefu ambayo wageni wamekwisha kurudi makwao, na mfiwa amebaki akikitazama kitanda kitupu. Rafiki wa kweli hujulikana katika miezi hiyo.

Niliyaona hayo mwaka 1995, wakati vita vilipokuwa vikiigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa. Tuliishi Gihosha, nami nilikuwa na umri wa miaka 15, kaka yangu alipouawa. Matanga yalipokwisha, watu wazima waliniambia nijikaze. Baadhi ya vijana wakaniambia nilipize kisasi. Rafiki yangu mmoja hakuniambia lolote. Kila asubuhi aliningoja langoni petu, tukaenda shule pamoja. Siku nilizoshindwa kuamka, aliniandikia masomo katika daftari langu. Nilipotaka kumzungumzia kaka, alisikiliza. Na siku nyingine yeye ndiye aliyeanza kumtaja, akikumbuka mizaha yake, hata tukacheka. Alikuwa wa kabila lile nililohimizwa kulichukia. Ningelichukiaje, nami natembea naye kila siku?

Kwa Kirundi rafiki huitwa umugenzi, neno lenye mzizi mmoja na kugenda, yaani kwenda. Rafiki, basi, ni mwenzi wa njia. Hawezi kuufuta msiba wako, lakini hakuachi uupite peke yako.

Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliivamia seminari ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu kando na Watutsi kando. Vijana wale walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Habari hiyo ilipotufikia, mimi na rafiki yangu tulikaa kimya muda mrefu. Nilifahamu kwamba kile alichokuwa akinifanyia kila asubuhi hakikuwa jambo dogo katika nchi yetu.

Huzuni iliyoachwa bila mwenzi hugeuka chuki upesi, na chuki ya vijana hutafutwa sana na wenye kutaka vita. Kwa hiyo kumfariji mwenzako ni wema, tena ni wajibu wa raia. Mwanafunzi mpendwa, mwenzako akifiwa, nenda mazishini. Kisha nenda tena mwezi wa pili na wa tatu. Usimhimize asahau. Litaje jina la marehemu wake bila woga. Ukiona hali wala halali, mwambie mtu mzima mnayemwamini. Na ukikosa la kusema, kaa naye tu, inatosha.