Nguo za Kazi Zibaki Mlangoni



Mwezi huu tunajifunza majina ya kazi. Mtoto mmoja alichora mzimamoto mwenye masizi usoni, akaniambia, "Mwalimu, uchafu huo unaonyesha kuwa ni jasiri." Nilimsifu kwa mchoro wake, kisha tukayazungumzia yale masizi.

Hata wazimamoto wenyewe waliamini hivyo kwa miaka mingi. Kofia iliyoungua na koti jeusi vilikuwa kama nishani. Lakini mwaka 2022, wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba kazi ya kuzima moto husababisha saratani. Nyumba za siku hizi zimejaa plastiki na sponji. Zikiungua, sumu yake hukaa kwenye koti, hupenya ngozi ya shingo, na hupanda gari pamoja na mwenyewe mpaka nyumbani.

Tarehe 11 Septemba 2001, wazimamoto 343 walikufa New York kwa siku moja. Wenzao walifukua kifusi kwa miezi, wengi wao bila barakoa za kufaa. Kufikia Septemba 2023, idara yao ilikuwa imepoteza wengine 343 kwa maradhi yaliyotokana na vumbi lile na sumu zake.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu majumbani mwetu wapo manesi, madereva wa ambulensi na walezi wa wazee. Sisi huokoa watu, kisha tukirudi nyumbani tunasema "salama tu." Mgongo unauma kwa kuinua wagonjwa, usingizi umekatika kwa zamu za usiku, na bado tunaomba zamu nyingine, maana kuna ada ya mdogo wetu inasubiriwa kule nyumbani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wakati wa korona nilivua sare gereji, nikaoga, ndipo nikawakumbatia wanangu. Halikuwa jambo geni kwangu. Bibi yangu hakumruhusu mtu aliyetoka msibani ambebe mtoto kabla ya kunawa.

Basi wanangu, mama au baba akirudi kazini, msimrukie. Mwambieni "pole na kazi," mwacheni aoge kwanza. Viatu vya kazi vibaki nje, na sare ifuliwe peke yake.

Nasi wazazi, ukichomwa na sindano, ukiumia mgongo au ukisinzia kwenye usukani, liandikishe kazini siku hiyo hiyo. Lisipoandikwa, ni kama halikutokea.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi amuulize mzazi wake kwa Kiswahili, "Kazi inakuumiza wapi?" Aandike jibu kwa sentensi tatu, alete Jumamosi. Wazazi, tafadhali jibuni ukweli.