Ramani Isiyo na Majumba

Chicago ya miaka ile ilinukia chokoleti, mpwa wangu, na usidhani natia chumvi. Kando ya mto, mtaa wa Kinzie, palikuwa na kiwanda cha Blommer kilichokuwa kikikaanga kakao. Upepo ukivuma kutoka huko, harufu ilitufikia kazini, ikachanganyika na rangi mbichi, vumbi la msasa na vitunguu vya yule bwana aliyetuuzia soseji za Kipolandi kwa dola mbili na nusu. Nilikuwa fundi rangi. Bosi wetu, Mpolandi mwenye uso mwekundu na maneno machache, alikuwa amepata kazi ya kupaka nyumba mpya karibu na barabara ya Clybourn. Ulikuwa mwaka 1997, Clinton bado yumo Ikulu na Michael Jordan bado anaruka.

Nyumba zenyewe zilikuwa za ghorofa tatu, zimeshikana ukuta kwa ukuta kama abiria wa daladala, matofali mekundu kwa mbele, gereji chini, jiko katikati, vyumba vya kulala juu, na juu kabisa kibaraza cha mbao cha kuchomea nyama wakati wa joto. Ya bei ya chini ilikuwa dola laki tatu na ushei. Zile za pembeni zilikaribia laki tano. Mimi nililipwa dola tisa kwa saa, na hesabu ya miaka mingapi ningehitaji niliianza kila nilipopanda ngazi, nisiimalize. Sasa, ukisimama kwenye kile kibaraza ukageuka kusini, ulichokiona kwanza ni majengo meupe ya Cabrini-Green, ghorofa kumi na tano, kumi na sita, korido zake za nje zimezungushiwa wavu wa chuma toka chini hadi juu, na nyuma ya wavu watu wameegemea wanakutazama.

Hizo zilikuwa kota za serikali. Zilianza na vijumba vya chini mwaka 1942, yakafuata majengo mekundu mwishoni mwa miaka ya hamsini, kisha yale meupe mwaka 1962, na siku za kujaa kwake walikaa humo watu wapatao 15,000. Kodi ilifuata kipato cha mtu, asilimia 30 ya anachopata. Curtis Mayfield, yule mwimbaji, aliishi pale katika ujana wake. Lakini lifti ziliharibika zikaachwa, taa za ngazi zikazimika zikaachwa, magenge yakashika milango, na Oktoba 1992 mtoto wa miaka saba akapigwa risasi akienda shule na mama yake. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya mazimwi iliyopigwa palepale, na tangu hapo hata mtu asiyeijua Chicago aliliogopa jina la Cabrini. Na kutoka hapo ukitembea kuelekea ziwani, hujatokwa jasho umeshaingia Gold Coast, mtaa wa matajiri, kwenye milango yenye mabawabu wa glavu nyeupe. Mimi mgeni kutoka Tanga niliona mara moja kwamba ardhi ile haitaachiwa maskini.

Ofisi ya mauzo ilikuwa ndani ya nyumba ya mfano. Ukutani walitundika ramani kubwa iliyochorwa kwa rangi za maji: nyumba zetu, baiskeli, mbwa, akina mama na vigari vya watoto. Pale yaliposimama majengo meupe, mchoraji alikuwa ameweka miti. Nilikuwa nikipaka mlango wa chumba hicho siku nzima, kwa hiyo niliwasikia wateja. Dada wa mauzo alinukia manukato hata rangi yangu ikashindwa, na sheria ilimkataza kuwazungumzia majirani kwa rangi zao. Mteja akiuliza, "Na yale je?", dada alitabasamu akanyoosha kidole kwenye ile miti. Wengine hawakuridhika, wakanifuata mimi, wakidhani kwa weusi wangu lazima ninayo habari. Wote walikuwa na swali moja: yatabomolewa lini? Hakuna aliyeniuliza wenyewe wanahamia wapi.

Usiwafanye mashetani, lakini. Wengi walikuwa vijana wa heshima: wanasheria, wauguzi wakuu, bwana na bibi mmoja Waamerika weusi, wote madaktari, waliotoka shule za taabu na sasa wanataka kwenda kazini kwa miguu. Hao walibishana hapohapo mbele yangu, mke akisema tutakuwa tukiwatazama ndugu zetu kwa juu, mume akipima kabati. Walinunua. Hata hivyo nasema bila kumung'unya: fedha ile haikuwa ya matofali tu. Ilikuwa ya kuondoka kwa watu, imelipwa mapema.

Jumapili moja aliingia mama mtu mzima kutoka majengo meupe, kofia ya kanisani kichwani, mkoba mkononi. Alizaliwa Mississippi, akaja Chicago msichana. Alifungua bomba, akafunga. Akavuta droo zote za jiko. Akauliza bei, akatajiwa, akacheka hadi akashika meza. "Na humu jirani yangu angekuwa nani?" aliuliza. Dada akanyamaza. "Mimi," akajijibu. Nilipomsindikiza nje alinisimulia jinsi meya Jane Byrne alivyohamia Cabrini mwaka 1981, akakaa wiki tatu hivi, na polisi wakajaa mpaka kwenye ngazi. "Wiki zile tulilala, mwanangu," akasema.

Yaliyofuata unaweza kuyasoma mwenyewe. Mwaka 2000 mji, chini ya meya Daley, ukaanza mpango wa kubomoa nyumba 18,000 za kota katika Chicago nzima, na ahadi ya nyumba 25,000 mpya au zilizokarabatiwa. Nyumba za mchanganyiko wa vipato zikajengwa, baadhi zikitengwa kwa wa kota, ila kwa wenye karatasi safi: kazi, rekodi, hata mkojo wa kupimwa dawa za kulevya. Waliobaki walipewa vocha za kulipia kodi ya nyumba, wakatafute mwenye nyumba atakayezikubali, na wengi waliangukia kusini na magharibi ya mji. Yule mama alipata nyumba kusini, akawa anapanda basi na treni kila Jumapili kurudi kanisani kwake, akilalamika magoti. Jengo la mwisho refu lilianza kuvunjwa Machi 2011, na 2013 likafunguliwa duka la Target mahali pa yale meupe.

Mimi nilikuwa nimesharudi Tanga. Mabati ya nyumba ya Chumbageni, hayo unayolala chini yake ukija likizo, yalinunuliwa kwa dola tisa za saa nilizolipwa Clybourn.