Kostimu ya Kazi na Kiti cha Pikipiki

Wasichana wa mtaani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, wakiisha kupata kazi ya ofisi huja nyumbani kutuuliza habari ya kostimu. Twasema kostimu, yaani koti na sketi, au koti na suruali, zilizokatwa katika kitambaa kimoja. Wanatuuliza sisi kwa sababu tulifanya kazi ya ukarani miaka 30 na zaidi, nao hudhani ya kuwa mtu aliyevaa koti muda huo wote hawezi kukosea. Lakini tulikosea, tena deni la kosa letu lililipwa na mtoto wa dada yetu mdogo, si sisi. Ndiyo maana tumeona yafaa kulisimulia.

Mtoto huyo alipata kazi mwaka 2022, katika ofisi moja ya mjini, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwisho wa miezi hiyo wakubwa wangeamua kumpa mkataba au kumrudisha nyumbani. Baba yake alikuwa hana kazi tangu mwaka uliotangulia, na nyuma yake wapo wadogo wanne wanaosoma. Basi mkataba ule haukuwa wa mtu mmoja. Dada yetu alitoa fedha aliyoiweka akiba kwa kuuza unga, nasi tukaongeza, tukampeleka msichana kwa fundi wa mtaa wa Kenya ambaye ametushonea tangu zamani.

Sisi ndio tuliochagua. Koti la buluu nzito, na sketi ya rangi hiyohiyo, ipite magoti, iwe nyembamba kidogo ili ionekane nadhifu. Msichana akasema kwa sauti ndogo: “Mama mkubwa, samahani, je, suruali haifai?” Tukamjibu: “Mwanangu, mwanamke mwenye heshima haendi ofisini kwa suruali.” Akanyamaza, maana amelelewa vema. Fundi naye alituangalia kidogo, kisha akaendelea kupima. Siku ya kuijaribu, msichana akasimama wima mbele ya kioo, tukamzunguka mara mbili, tukasifu. Hakuna aliyemwambia aketi.

Jumatatu asubuhi akaita pikipiki, kama wafanyavyo wafanyakazi wengi wa mitaa yetu, maana mabasi hujaa mapema. Kupanda kwa kutanua miguu hakuweza. Akaketi upande, na barabarani mpasuo wa sketi ukafunguka mbele ya watu wote, kisha mshono ukaachia. Akaona haya, akamwomba dereva amshushe, akatembea njia iliyobaki. Ilikuwa mwezi wa nane, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Alifika amechelewa dakika 20, pindo la sketi limekuwa jekundu, akakaa kutwa nzima na koti magotini, asithubutu kusimama kumpelekea mkubwa wake jalada. Mkubwa akaandika neno la kuchelewa katika daftari, akaongeza ya kuwa mfanyakazi mpya hana wepesi.

Hayo hakutuambia. Tuliyajua siku ya Ijumaa, tulipoona pini tatu katika mshono. Tukamwuliza, akasema tu: “Mama mkubwa, sikutaka uone uchungu, kwa kuwa ulinisaidia.” Usiku ule hatukulala vizuri.

Tukajiuliza: neno lile la suruali tulilitoa wapi? Wazee wetu hawakutufundisha. Wao walizungumza habari ya kujisitiri, si habari ya umbo la nguo. Tulipokuwa wasichana wa shule, katika miaka ya 1970, nchi yetu iliitwa Zaire, na serikali ilikuwa imetangaza siasa ya kurudia mambo ya asili. Wanaume walikatazwa kostimu na tai, wakavaa abakosti, nguo ambayo jina lake kwa Kifaransa lina maana ya kuiangusha kostimu. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, wakaambiwa wavae vitenge. Amri ile ililegezwa mwezi wa nne mwaka 1990, na wanaume wakatafuta tena tai zao sandukuni. Sisi wanawake tuliendelea kuitii bila kuambiwa na mtu, tukaiita adabu. Basi tulikuwa tumemfundisha mtoto wetu amri ya serikali iliyokwisha kuondoka, tukidhani ni heshima ya ukoo.

Wala si mara ya kwanza kwa mwanamke wa kazi kubebeshwa sharti la namna hiyo. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe ndipo aweze kujifunga kwa mkataba wa kazi; nasi tulipobadili kazi tulileta barua iliyotiwa sahihi na baba wa watoto wetu, kama mtoto wa shule aletavyo barua ya mzazi. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016. Bora wasichana wajue. Lakini turudi kwenye nguo.

Siku ya Jumamosi tulirudi kwa fundi. Tukamwomba akate suruali ya buluu ileile ya koti. Akatuonyesha kipande kilichobaki: hakikutosha hata mguu mmoja. Tukazunguka sokoni kutafuta robota jingine. Buluu zilikuwa nyingi, lakini tulipoziweka karibu na koti nje, juani, hakuna iliyofanana, kwa kuwa hata rangi yenye jina moja hutofautiana kila itiwapo upya kiwandani. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo twawaambia wasichana kwanza kabisa: mtu akiwa na fedha ya kutosha, akate koti, sketi na suruali kwa siku moja, katika kitambaa kimoja, akiwa hana, anunue kitambaa chote, kipande cha suruali akiweke sandukuni. Sisi tulichagua kijivu kilichotofautiana waziwazi na buluu, ili watu waone ya kuwa tumechagua, wasidhani tumejaribu kufananisha tukashindwa. Fundi akaikata pana kidogo pajani, ndefu kiasi cha kufunika kifundo cha mguu hata mtu akiketi. Shemeji yetu alipoiona alinung'unika. Dada yetu akamwuliza kama anataka binti yake aende kazini kwa miguu, naye akarudi kusikiliza redio.

Tangu siku ile hatumpimi mtu akiwa amesimama tu. Kwa fundi au dukani twamwambia aketi kwenye kiti kifupi, ainame kana kwamba anaokota karatasi, ainue mkono kama anayeshusha jalada kabatini, kisha atanue miguu kama aliyepanda pikipiki. Wenye maduka hutucheka, na wacheke. Koti likivutika mgongoni au vifungo vikikaza tumboni wakati ameketi, hilo si lake, hata likiwa zuri namna gani, maana karani hukaa saa nane na husimama dakika chache.

Katika koti, kitu cha kutazama kabla ya vingine vyote ni bega. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Ukishuka mkononi, mtu huonekana ameazima nguo ya kaka yake. Ukipanda shingoni, koti litambana kutwa. Mikono mirefu fundi huipunguza kwa saa moja, na kiuno chaweza kubanwa, lakini kulitengeneza bega ni kulifumua koti lote, na gharama yake hukaribia ile ya koti jipya. Tazameni pia tundu la mkono. Wengi hudhani tundu kubwa ndilo linalompa mtu nafasi. Kumbe likishuka mno, kila ainuapo mkono koti lote hupanda pamoja naye. Likae juu, karibu na kwapa, bila kukata.

Kitambaa kikunjeni ndani ya ngumi, mhesabu hadi 10, mfungue. Kikibaki na makunyanzi mengi, ndivyo kitakavyokuwa saa nne asubuhi. Poliesta tupu haikunjamani, lakini katika joto la mwezi wa kumi la hapa kwetu humtesa mvaaji, na pasi kali huifanya ing'ae kama kioo. Wekeni kitambaa chenye majimaji kati ya pasi na nguo. Sufu nyepesi, au sufu iliyochanganywa, hupumua vizuri, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, palipo na baridi, humfaa mtu. Bei yake ni kubwa. Ndiyo maana hatuwadharau wauza mitumba: tumeona kwao makoti ya sufu yenye bitana nzima, yaliyoshonwa kwa uangalifu kuliko mapya mengi. Tazameni viwiko kama vimeng'aa, makwapa kama yamebadilika rangi, na sehemu ya mbele kama ina mapovu. Mapovu hayo ni dalili ya kuwa kitambaa kigumu cha ndani kilibandikwa kwa gundi, na gundi imeachia. Hakuna fundi wa kuliponya koti hilo.

Nyeusi yapendwa na wasichana, tena ni rangi ya heshima. Ila wakati wa kiangazi vumbi letu huonekana juu ya nyeusi kuliko juu ya kijivu au kahawia. Na jambo dogo ambalo tungeona haya kulitaja kama tusingeliona kila wiki: ule uzi mweupe wenye umbo la msalaba uliofunga mpasuo wa koti jipya si pambo. Kiwanda huutia ili koti lisikunjamane safarini. Ukateni kabla ya kuvaa, pamoja na kile kibandiko cha jina la kiwanda kilicho juu ya mkono.

Wengine hutuuliza kama kitenge chaweza kuwa nguo ya ofisi. Kwa nini kisiweze? Koti la kitenge lililokatwa vema, lenye bitana na mabega yaliyokaa sawa, likivaliwa na sketi au suruali ya rangi moja, ni kostimu kama nyingine. Kinachomsumbua fundi ni michoro. Picha kubwa ikikatwa ovyo, ua zima hukaa upande mmoja wa kifua na nusu yake upande wa pili. Basi mwombeni alinganishe michoro kwenye vifungo na katikati ya mgongo, mkijua ya kuwa kazi hiyo hula kitambaa zaidi. Yadi 6 ambazo kwa kawaida humtosha mtu zaweza kubakiza vipande vidogo tu. Fundi anayekataa kulinganisha, mtafuteni mwingine.

Mtoto wa dada yetu alipata mkataba wake mwisho wa mwezi wa kumi. Hatusemi ni kwa sababu ya suruali. Alifanya kazi kwa bidii, na lile neno la daftari lilifunikwa na maneno mengine. Koti la buluu angali analo. Bitana imebadilishwa mara moja, na kiuno kimefunguliwa kidogo, kwa kuwa fundi wetu huacha kila mara akiba ya vidole viwili ndani ya mshono. Ile sketi hakuitupa. Aliifumua, akaipanua kwa vipande viwili vya pembeni, huivaa siku za kupanda basi.

Mwezi uliopita mdogo wake alilijaribu koti hilo mbele yetu, akitumaini kulirithi. Tukamwambia aketi. Akaketi, akainama, akainua mkono, na kabla hatujasema neno dada yake akamshika begani kwa vidole akasema: “Livue. Hapa halikukai.”