Vifaa Janja Nyumbani: Vina Faida Gani kwa Mama?

Mama msomaji, siku hizi ukiingia katika duka la vifaa vya umeme, iwe Korogwe mjini au pale Chanika, Handeni, hukosi kuoneshwa kifaa kinachosemekana kuwa na akili. Iko taa inayowaka yenyewe mtu akipita, kamera ya kumwangalia mtoto kwa simu, runinga janja, na jiko linalojizima chakula kikiiva. Muuzaji ana maneno matamu, na huenda baba watoto amekwisha kuvutiwa. Linabaki swali kwa mama anayepanga matumizi ya nyumba: je, vifaa hivi vinastahili fedha zetu?

Sisi akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, wengine wa Korogwe na wengine wa Handeni, tumelizungumza jambo hili mara nyingi. Kati yetu wamo wakulima, walimu, wenye magenge sokoni, na sisi wauguzi tunaokesha kazini zamu za usiku. Hatukukubaliana katika kila jambo, lakini tuliyojifunza yafaa tuwashirikishe wenzetu.

Kwanza, tusidhani kwamba vifaa vya namna hii ni vigeni kabisa. Mita ya LUKU iliyoko ukutani inahesabu yenyewe, na fedha zikiisha inakata umeme bila kumwonea mtu haya. Huku kwetu umeme wenyewe ulichukua muda mrefu kufika. Kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Mto Pangani mwaka 1964, lakini vijiji vingi viliendelea kuona nyaya zikipita juu huku ndani kukiwaka kibatari. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, ndipo nguzo zilipoanza kusogea vijijini.

Wale ambao nguzo hazikuwafikia walipata sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Biashara hiyo ilianza kuenea Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2012. Kisanduku chake kina akili pia: ukilipa kinafunguka, ukichelewa kinajifunga. Mwenzetu mmoja wa kijijini Handeni alikuwa nacho. Mtoto wake akaugua malaria kali, akalazwa, na fedha ya sola ikaenda kwenye nauli na chakula cha hospitali. Jioni aliyorudi na mgonjwa wake, nyumba ilikuwa giza. Jua lilikuwa limewaka mchana kutwa, paneli iko juu ya bati lake mwenyewe, betri imejaa, lakini ufunguo uko mikononi mwa watu wa mbali. Alimpa mtoto dawa kwa mwanga wa tochi ya jirani.

Hata hivyo, mwenzetu huyo hajutii kununua sola. Sisi wauguzi tunamwelewa. Tumepokea watoto waliokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa ndani ya chupa ya soda, na wengine walioungua kwa kibatari kilichopinduka. (Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, bali apelekwe kituo cha afya mara moja.) Taa isiyo na moto ni baraka kwa nyumba yenye watoto. Shauri letu ni kwamba, kabla ya kutia sahihi, uliza mambo matatu: bei yote ni kiasi gani ukilinganisha na kulipa taslimu, ukichelewa utavumiliwa siku ngapi, na ukimaliza deni ufunguo utakuwa wako moja kwa moja?

Tuje jikoni. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Ndiyo maana jiko la presha la umeme linasifiwa sana. Wengi wanaliogopa kwa sababu ya LUKU, basi tupige hesabu pamoja. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kupumzika linakula uniti moja. Hili la presha likifikia joto linalotakiwa hujikata na kujirudisha lenyewe, kwa hiyo sufuria ya maharage huiva kwa chini ya uniti hiyo. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na zile zinazozidi huhesabiwa shilingi 350 kila moja. Uniti 75 ni sawa na mbili na nusu kwa siku. Maharage yanaingia humo. Ukiongeza friji, pasi na runinga ya kutwa nzima, utavuka. Basi, la kuchunga zaidi ni vile vinavyowaka kutwa bila sababu. Jiko hili limewaondolea wenzetu moshi wa kuni kifuani, na jioni wanapata nafasi ya kukaa na watoto madaftari yakifunguliwa.

Lililotugawa ni kamera. Mama mmoja anayefanya kazi za zamu aliiweka sebuleni amwangalie mtoto na dada wa kazi. Siku moja akiwa kazini alimwona mtoto analia sakafuni na dada hayupo. Angefanya nini, naye yuko mbali? Alimpigia simu jirani, na jirani akakimbia, akamkuta dada uani akianua nguo mvua ikianza. Wengine wetu tulisema kamera imesaidia. Wengine tukasema aliyesaidia ni jirani. Sote tuna ukweli, lakini kamera haina mikono ya kumwinua mtoto, na bando likiisha haina hata macho.

Tena yuko yule binti. Naye ni mtoto wa mama mwenzetu, pengine ametoka Kwamsisi au Mombo kutafuta riziki. Kumpiga picha kutwa bila kumwambia si haki. Nchi yetu imetunga hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukiamua kuweka kamera, mwambie waziwazi, usiiweke chumbani kwake wala bafuni, na usidhani kwamba imekuondolea wajibu wa kumlipa vizuri na kumfundisha kulea.

Mwisho, tutazame pia kile ambacho bado hatuna. Handeni inajulikana kwa shida ya maji tangu zamani, hata mradi wa HTM ukajengwa kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Nyumba isiyo na tangi la kukinga mvua, ambapo mama anaamka alfajiri kufuata ndoo, haijawa tayari kwa taa inayowaka yenyewe. Tangi halina akili yoyote, lakini linaupumzisha mgongo.

Basi, mama mpendwa, ukioneshwa kifaa, jiulize: kitapunguza mzigo gani hasa? Kitakula kiasi gani kila mwezi, kwa uniti, bando na deni? Na umeme au mtandao ukikatika, nyumba itaendelea? Majibu yakiwa mema, nunua kwa amani, tena kwa kushauriana na mwenzio. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao: jiko la mkaa libaki stoo, tochi iwe na betri, na salamu kwa jirani zisikatike.